Batoto Beko

"Mu hii nyumba hakuna mutu anahesabiwa," alisema Koko Adolphine, na ili ieleweke kwamba maneno yamekwisha, akaukunja mguu wake mbaya chini ya kitenge na kuendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Georgette, mjukuu wake, alisimama mlangoni, kalamu ya risasi mkononi. Alikuwa ameanza na nyumba yao wenyewe kwa sababu aliiona kuwa nyepesi kuliko zote. Nani angemnyima jibu kwao?

"Koko, ni devoir ya shule. Si mimi niliitunga."

"Aliyeitunga ahesabu ba kwake."

"Hana mutoto."

"Njo maana anatafuta ba batu."

Mama yake, Euphrasie, alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sokoni Kadutu: kijiko kimoja cha chumvi katika kipande cha jani la mgomba, uzi wa gome mara mbili, fundo juu ya fundo, ili unyevu usipenye. Tumbo lake lilikuwa limefika pale ambapo mwanamke hawezi kuinama tena bila kushika kitu. Mikono yake tu ndiyo ilipunguza mwendo, na Georgette akajua kwamba anasikiliza.

Papa Barthélemy, fundi wa mabati, aliingia akiwa bado na vumbi la paa kwenye nyusi. Alipoelezwa ugomvi, alicheka.

"Sasa kwa hii munalia? Andika batoto sita. Nyumba ile ingine, tano. Ile ingine, saba. Mademoiselle wako wa shule atapanda Kadutu kuja kushika tumbo za bamama?"

"Ataona, Papa."

"Ataona na nini?"

"Na hesabu yenyewe. Uongo unaonekana."

"Ehe. Mimi nimedanganya bazungu miaka yote, hakuna hata mumoja aliona," alisema Barthélemy, akaketi kuvua viatu.

Lakini Georgette hakucheka, maana alijua kilichokuwa hatarini. Shule ya masista, kule chini upande wa ziwa, ilikuwa na darasa moja tu la wasichana waliofundishwa kazi ya kuhudumia mitaa: usafi, malezi, na mwaka huu, takwimu. Mademoiselle Valérie alikuwa ameandika masharti ubaoni kwa mwandiko wake ulionyooka kama uzio. Kila msichana aulize nyumba ishirini za mtaa wake. Mama mwenyewe ndiye ajibu: watoto waliozaliwa, watoto walio hai. Mstari mtupu ni sifuri. Kazi iliyochelewa inakatwa pointi tatu. Nusu ya pointi za mwaka mzima zitatoka hapo, na atakayekosa kumi kwa ishirini ataondoka darasani na kuhamia ushonaji. Wasichana walikuwa na jina la huko. Walisema fulani "ameenda kusalimia sindano", na aliyekwenda kuzisalimia hakurudi.

"Basi nitaenda kwa majirani," alisema Georgette.

"Enda," alisema Koko, bila kuinua macho. "Bo pia beko na adabu."

*

Walikuwa nayo. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tano, kila mahali walimkaribisha, wakampa kiti, wakamuuliza habari za mama yake na mguu wa Koko. Alipofika kwenye swali, uso uliokuwa mbele yake ulifunikwa taratibu, kama chungu kinavyofunikwa.

"Maman, uko na batoto ngapi?"

"Beko."

Wapo. Hilo tu. Aliuliza tena kwa njia ya kuzunguka, kwamba ni wengi au wachache.

"Beko, mwanangu. Mungu anabajua."

Maman Floribert, aliyekaa nyumba ya kona na ambaye ulimi wake uliogopwa hadi kwenye bomba la maji, alimsimamisha uani na kuitazama karatasi kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala.

"Hii karatasi ni ya Leta, ya serikali?"

"Hapana, Maman. Ni ya shule."

"Shule ni ya nani?"

"Ya masista."

"Na masista ni ba nani?" Maman Floribert alijishika kiuno. "Mwaka jana karani wa Leta alipita hapa, ati anahesabu tu, hakuna kitu, maman, usiogope. Kisha bakakuja kuchukua babwana kwa kazi ya barabara ya Kalehe. Bwana yangu alirudi na mugongo kama ya muzee. Sasa bananitumia mutoto wa Euphrasie, banajua sitamufukuza."

"Si Leta, Maman. Naapa."

"Usiape. Andika: batoto ba Maman Floribert, beko. Kama hiyo haitoshi, baambie nimesema beko sana."

Mlango uliomuumiza ulikuwa wa Camille, mke wa dereva, mwanamke kijana aliyekuwa akimsuka nywele siku za sikukuu bila kudai kitu. Georgette aliuliza swali kabla hajafikiri, kwa sauti ile ile aliyokwisha kuizoea kwa kurudia. Camille alikuwa ameolewa siku nyingi, na hapakuwa na kitambaa cha mtoto kwenye kamba yake. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mama wa dereva, mkwewe, alilitaja bombani kila alipopata wasikilizaji.

Camille aliushika mlango.

"Kwangu uandike nini, Georgette?" alisema. "Andika mulango."

Akaufunga.

*

Ijumaa, Mademoiselle Valérie alirudisha kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyependelea mtu na asiyesamehe mtu. Wasichana walimwogopa, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwahi kumwongezea yeyote pointi kwa sababu ya uso wake au kumpunguzia kwa sababu ya mtaa wake. Darasani walizungumza Kifaransa tu; Kiswahili kiliachwa getini pamoja na viatu vyenye matope.

"Clémence," alisema, na kuchora kwenye ubao mstari wa nambari. "Tano, sita, tano, sita, sita, tano. Nyumba ishirini. Hakuna mwenye mmoja. Hakuna mwenye kumi. Hakuna aliyekosa. Na katika nyumba zote ishirini, Clémence, hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa. Niambie, huu ni mtaa gani usio na kaburi? Nitahamia huko."

Darasa lilicheka. Clémence, ambaye alikaa dawati moja na Georgette na kuishi nyuma ya soko lile lile la Kadutu, alitabasamu kidogo ili aonekane anashiriki mzaha, kisha tabasamu likamkauka usoni.

"Georgette." Mademoiselle aliinua karatasi ya pili na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, bila haraka. "Wapo. Wapo. Wapo. Mungu anawajua. Wapo. Wapo sana." Alisubiri kicheko kitulie. "Wapo si nambari. Na hapa: mlango. Mlango ni nini?"

Georgette alisimama.

"Ni jibu nililopewa, Mademoiselle."

"Sikuomba jibu ulilopewa. Niliomba nambari."

"Kwetu mama hataji idadi ya watoto wake. Akiitaja, anawaonyesha kwa kifo."

"Na wewe unaamini hivyo?"

Swali hilo lilikuwa mtego, na Georgette alilijua. Akisema ndiyo, watacheka. Akisema hapana, atakuwa amemtema Koko mbele ya watu.

"Mimi sikuulizwa, Mademoiselle. Waliulizwa wao."

Mademoiselle aliitazama karatasi tena, safari hii bila kuisoma.

"Mmoja amenipa nambari zisizo na watu," alisema mwishowe. "Mwingine amenipa watu wasio na nambari. Sifuri kwa wote wawili. Mnatoka mtaa mmoja. Mtairudia pamoja, na pointi zitakuwa za wote wawili sawasawa. Jumatatu asubuhi. Tatu zimekwisha kukatwa kwa kuchelewa. Na kwa kuwa nimedanganywa mara moja, nataka ushahidi wa kushikika, nao utabaki shuleni kabatini pamoja na kazi zenu. Ushahidi usiobaki ni pointi mbili nyingine. Ketini."

Wakati wa kupanda mlima kurudi nyumbani, Clémence alivua viatu akavibeba mkononi, kama walivyofanya wote walipokwisha kuupita mji wa Wazungu.

"Mimi najua vile tutafanya," alisema. "Sasa nimejua kosa yangu. Tunaweka maman mumoja wa batoto kumi, mumoja wa babili, na benye balikufa tunabatia kidogo kidogo kama chumvi. Ushahidi tunaomba baba yako aweke kidole."

"Hapana."

"Unataka kwenda kusalimia sindano?"

"Sitaki. Na sitaki kuua batoto ba batu na kalamu."

Clémence alitembea hatua kadhaa akilifikiria hilo.

"Wewe uko na kichwa kigumu kama ya nyanya yako," alisema. "Haya. Unafanya nini basi?"

"Sijui," alisema Georgette. "Lakini nitafanya."

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kumaliza matanga kwa jirani mmoja, na wanawake wa mtaa walikuwa wanapika pamoja. Desturi ya mtaa ilijulikana na wote. Kila nyumba huleta maharagwe, konzi moja kwa kila kinywa kitakachokula, yamefungwa katika jani la mgomba. Kifurushi hutupwa kwenye kikapu kikubwa pamoja na vingine. Mwenye chungu huvifungua na kuvimimina, na hakuna anayeuliza kipi ni cha nani. Mwenye wengi haonewi kijicho, na mwenye mmoja haonewi huruma. Chungu peke yake ndicho kinachojua, na chungu hakina mdomo.

Georgette alikuwa ameliona jambo hilo tangu alipobebwa mgongoni. Siku hiyo, akiwa amepiga magoti akipuliza moto, aliona mkono wa mama mmoja ukidondosha kifurushi kinene, na mkono wa mwingine ukidondosha chembamba, na mara mdomo wake ukaacha kupuliza.

Akainuka.

"Bamaman," alisema, na kwa kuwa sauti yake ilitoka ndogo, akarudia. "Bamaman, niko na maneno."

"Ni ile karatasi," alisema Maman Floribert. "Nilisema itarudi."

"Hakuna karatasi. Hakuna jina. Sitauliza mutu. Muko munafunga maharagi kila siku kwa ajili ya midomo. Munifungie tu vile vile. Haragi nyekundu kwa kila mutoto iko anakula. Nyeupe..." Hapo alisita, maana neno lenyewe halikuwa rahisi. "Nyeupe kwa kila mwenye alitangulia. Mufunge kwenu, mulango umefungwa. Mutupe mu kikapu. Mimi sitajua ya nani ni ya nani. Mademoiselle pia hatajua. Atajua mutaa tu."

Wanawake walitazamana. Mmoja aliuliza kwa nini Mademoiselle anataka kuujua mtaa. Georgette alisema kweli: kwamba hajui yote, ila darasani walifundishwa kwamba mahali ambapo meupe ni mengi ndipo panapodaiwa maji safi na mkunga, na kwamba asiyeweza kuonyesha hawezi kudai.

"Na kama hawataleta mukunga?"

"Basi hawataleta. Lakini hawatasema hawakujua."

Koko Adolphine alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wazee. Alizungumza bila kupaza sauti, na wote wakanyamaza ili wamsikie.

"Ni kuhesabu kule kule. Umekuvalisha tu kitenge."

"Koko..."

"Niache nimalize. Mama yako iko na tumbo. Mutoto hajafika, wewe unaanza kupanga bengine kama matofali. Kifo hakijui kusoma, lakini kinajua kusikiliza."

Maman Floribert mwenyewe alirudi kuchochea moto. Georgette alihisi jambo lote likimponyoka.

Ndipo Euphrasie aliposhika bega la binti yake akajiinua. Hakuwa mwanamke wa kusema mbele za watu. Hata bei ya chumvi yake aliisema kwa vidole. Alisimama akihema, mkono chini ya tumbo.

"Mama," alimwambia mkwewe, "unaogopa kwa ajili ya mwenye hajazaliwa. Mimi pia naogopa. Lakini huyu alishazaliwa. Iko hapa mbele yetu. Tumwache afe mu sindano juu ya ule hajafika?"

"Sindano haiui mutu."

"Inaua polepole. Mimi nitafunga yangu." Aligeuka kwa wengine. "Mwenye hataki, asifunge. Si lazima."

Maharagwe yakaanza kuchemka. Koko Adolphine akageuza mgongo wake, akaitazama migomba.

"Mutoto hafungui tumbo ya mama yake," aliiambia ile migomba. "Kifurushi cha Euphrasie, Georgette asikiguse. Na maharagi yote yarudi hapa. Haragi ya mutoto wa kwetu hailali kwa bazungu. Hata moja. Nimemaliza, na bado nimekatala."

"Yatarudi, Koko," alisema Georgette. "Nakuahidi mbele ya bote."

Hakukumbuka kabati la Mademoiselle mpaka alipokuwa amekwisha kusema.

*

Jumapili baada ya misa, kikapu kiliwekwa uani, kimefunikwa kanga, na Clémence akakaa pembeni akitazama upande mwingine, kama walivyokubaliana. Kwa muda hakuna aliyekuja. Barthélemy alipita mara mbili akisingizia kutafuta nyundo.

Wa kwanza alikuwa Camille. Alikuja amenyooka, amevaa nguo yake ya kanisani, na mbele ya mama wa dereva aliyesimama njiani akidondosha maneno, alikiweka kifurushi chake kikapuni. Kilikuwa chepesi sana. Kilipoanguka hakikutoa sauti.

"Nimejibu," alimwambia Georgette.

"Aksanti, Maman Camille."

Hakuna aliyewahi kumwita Maman. Camille aliinamisha kichwa kidogo, akaenda zake, na baada yake wengine walianza kutoka majumbani, mmoja kutoka huku, mwingine kule, vifurushi vikiwa chini ya vitenge kama mtu anayeficha mkate. Maman Floribert alikitupa cha kwake kwa nguvu.

"Mwambie huyo Mademoiselle," alisema, "akifungua yangu anawe mikono kwanza."

Euphrasie alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifungia chumbani tangu misa ilipokwisha. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Georgette aligeuka kuelekea ukutani, akasikia tu mlio wa jani likigusa majani.

*

Jumatatu, kikapu kilishuka mlima kichwani mwa Georgette, na Clémence alitembea mbele akiwafukuza mbuzi. Mademoiselle Valérie alikiona kikiwekwa juu ya meza yake na kuuliza ni soko gani limehamia darasani. Georgette alimweleza. Alieleza kwa Kifaransa kilichokosa maneno mahali pengi, lakini hakuacha mpaka alipofika mwisho: kila jani ni nyumba, kila haragwe ni mtoto, na hakuna ajuaye nyumba ipi.

Mademoiselle alikaa.

"Fungueni," alisema.

"Clémence atafungua, Mademoiselle. Mimi nitaandika."

"Kwa nini si wewe?"

"Kimoja ni cha mama yangu. Fundo lake nalijua."

Clémence alikiteremsha kikapu nyuma ya meza, akachanganya, akaanza. Georgette alisimama mbele ya ubao akiwapa mgongo, chaki mkononi, akisikia uzi ukikatika na jani likifunguka.

"Mekundu matano. Meupe mawili."

"Mekundu saba. Meupe hakuna."

"Mekundu mawili. Meupe sita."

Darasa, lililokuwa limejiandaa kucheka, lilikuwa limetulia. Wasichana hawa wote walikuwa na mama, na kila mmoja sasa alikuwa akifungua kifurushi chake kichwani.

"Hiki hakina kitu," alisema Clémence. "Labda mtu amesahau kuweka."

"Mstari mtupu," alisema Mademoiselle.

Georgette aligeuka.

"Si mtupu, Mademoiselle. Mtupu ni yule asiyejibu. Huyu aliulizwa, akafunga, akaleta. Jibu lake ni sifuri."

Mademoiselle Valérie alimtazama, kisha akalitazama jani lile lililofunguliwa, bado likiwa na mikunjo yake.

"Liandike," alisema.

Waliendelea. Mekundu manne, jeupe moja. Mekundu manane, meupe matatu. Mekundu manne, meupe matano. Chaki ya Georgette iligusa ubao, mstari chini ya mstari. Kwao, sahani nne za watoto ziliwekwa mkekani kila jioni. Vifurushi vyenye mekundu manne vilipokwisha, vilikuwa vitatu: kimoja chenye jeupe moja, kimoja matatu, kimoja matano. Kimoja kati ya hivyo kilifungwa kwa fundo la chumvi. Clémence alikijua. Georgette hakumwuliza, na baadaye, katika maisha yao yote ya urafiki, hakumwuliza.

Ilipokwisha, juu ya meza kulikuwa na marundo mawili. Mademoiselle aliyatazama. Alinyoosha kidole kuligusa rundo jeupe, kisha akakirudisha.

"Haya yote?" aliuliza.

"Ndiyo, Mademoiselle."

"Mtaa mmoja."

"Nusu ya mtaa."

Wakakokotoa wastani, wakapanga safu kutoka ndogo hadi kubwa wakaitafuta ya katikati, wakachora. Georgette alikosea mgawanyo mmoja na Mademoiselle hakumsaidia. Aliandika pembeni mwa ubao, na wote wakaona: kumi na tano. Chini yake, tatu za kuchelewa. Kumi na mbili.

"Sasa yawekeni kabatini," alisema.

Clémence alianza kukusanya. Georgette alimshika mkono.

"Hayawezi kubaki, Mademoiselle. Niliahidi yatarudi."

"Ulimwahidi nani?"

"Mama zangu."

"Na sharti langu ulilisikia."

"Nililisikia."

"Acha bwana, ni maharagi tu," alinong'ona Clémence, Kiswahili kikimtoka darasani bila yeye kujua. "Tukibaki na kumi na akakuta kosa ingine, tumekwisha. Mimi pia niko ndani, Georgette."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililouma. Georgette alimtazama rafiki yake.

"Ulifungua kifurushi cha mama yangu," alimwambia polepole. "Unaweza kukiacha hapa?"

Clémence alitazama mikono yake. Kisha akachukua kikapu na kuanza kuyarudisha, mekundu upande huu, meupe upande ule, kwa vidole vya mtu anayeokota vifaranga.

Mademoiselle Valérie alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kumfahamu, alionekana kama mtu anayetaka kuombwa.

"Kanuni niliiandika mimi," alisema. "Nikiivunja kwa ajili yako leo, kesho itakuwa ya nani?"

"Usiivunje, Mademoiselle," alisema Georgette. "Zikate."

Chaki ilikwaruza. Mbili. Kumi.

Mademoiselle alilipitia jedwali tena toka juu hadi chini, mstari kwa mstari, na wasichana wawili walisimama mbele yake, maana kosa moja tu lingewapeleka kwenye sindano. Alifika mwisho. Aliweka chaki chini, akafuta vidole vyake.

"Mnabaki," alisema. "Ketini."

*

Walipofika juu, chungu kilikuwa tayari motoni. Koko Adolphine alikipokea kikapu bila salamu, akakiweka kati ya miguu yake. Alipitisha mkono katika mekundu, akapitisha katika meupe, hakuhesabu, ila uso wake ulionyesha kwamba mkono umeridhika. Mekundu aliyamimina kwenye maji yanayochemka. Meupe alimpa Euphrasie, na wanawake wawili wakaenda nyuma ya nyumba, mmoja akichechemea, mwingine akiwa ameshika tumbo. Waliporudi kucha zao zilikuwa na udongo.

Camille alikuja, na Maman Floribert, na wengine, kila mmoja na sahani yake. Barthélemy aliketi mlangoni akikuna kichwa.

"Basi, Georgette. Huyo muzungu amekupa pointi ngapi?"

Koko Adolphine aliinua mwiko juu, kama mtu anayezuia kuku kuingia ndani. Wanawake wote walimtazama Georgette.

Naye alikuwa anamimina maji ya kunawa kwenye mikono ya mama yake, wala hakuinua kichwa.

"Ziko, Papa," alisema.

Mwiko ukashuka. Koko Adolphine akasogea kwenye mkeka, akapapasa mahali palipobaki wazi kando yake.

"Kuja ukule," alisema.